Mashine ya Kinyume na Jani la Sale

Jumanne, mwezi wa saba. Baridi ya huku Old Moshi inauma mpaka kwenye kucha. Mlima haujaonekana siku ya nne leo.

Nina miaka sabini na sita. Nimemzika mke wangu, nimewazika kaka zangu wawili, na kahawa ya baba niliing'oa kwa mikono yangu bei ilipoanguka. Majani ya ng'ombe bado nakata mwenyewe. Shule niliishia darasa la pili, lakini mzee mwingine mwenye mashine kwenye intaneti mlimani humu simjui.

Mashine yenyewe ni hii. Unaandika Kiswahili kwenye kisanduku, unabonyeza, kinatoka kinyume, silabi ya mwisho imetangulia. Babu anakuwa buba. Ndivyo tulivyoongea mimi na jirani yangu Elia tukichunga mbuzi, wakubwa wasituelewe. Tuliendelea mpaka uzeeni, kwenye pombe yetu ya mbege na hata kanisani.

Aliyeichapa ni Mama Upendo, mwenye chumba cha kompyuta mjini. Akili ni yangu, yeye alitoa vidole. Mara ya kwanza ilipindua herufi moja moja, mbuzi akatoka izubm. Nikamwambia hapo hata mbuzi mwenyewe haitiki. Akacheka, akaanza upya.

Leo imekubali.

Watu nimewaambia naijenga ili watoto wasiusahau mchezo. Si kweli. Sina wa kuongea naye. Leo nimekaa mbele yake, chumbani kwa Mama Upendo, nikaandika "Umeamkaje", ikanigeuzia. Nikangoja. Nikaandika tena. Inanirudishia maneno yangu mwenyewe, imeyapindua tu. Haiulizi kitu. Elia angenitukana kwanza, ndipo ajibu.

Tuligombana miaka kumi na moja iliyopita juu ya mpaka wa vihamba vyetu, mashamba ya nyumbani tuliyorithi. Baraza la kijiji likanisikiliza mimi, maana mwenye sauti ni mimi. Elia akamwachia ndugu yake migomba, akateremka Chekereni kwa mwanawe anayelima mpunga. Hatujasalimiana tangu hapo.

Basi leo nikaandika kwenye kile kisanduku jambo ambalo hata mke wangu hakulijua. Kwamba masale, ile mimea ya mpakani, niliyang'oa mimi alfajiri, nikayapanda hatua mbili ndani ya kwake. Nikabonyeza. "Nilisogeza" ikawa zagesolini. Nikaona limefichika vizuri, nikaliacha kwenye kioo nikaenda kunywa chai.

Nilisahau kwamba aliyeichapa mashine anajua na kuisoma.

Nimerudi nikamkuta Mama Upendo amesimama mbele ya kioo. Hakucheka. Nikaanza kumweleza kuwa maneno hayo nitamtumia Elia kwa simu ya mwanawe, vilevile kwa kinyume, atasoma na ataelewa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Naye ni Mchagga kama mimi.

"Mzee wangu, jani la sale halipiti kwenye waya," akasema. "Hilo hupelekwa kwa mkono."

Nikafuta kile kisanduku, nikapanda nyumbani.

Anayekuja na sale mkononi kuomba msamaha hafukuzwi, hata awe amekosa nini. Ila lazima aje. Hilo nalijua tangu utoto, na miaka kumi na moja nimejifanya miguu inauma.

Jioni hii nimekata moja palepale mpakani, kwenye shina lenyewe nililolihamisha. Liko kwenye ndoo ya maji mlangoni. Kesho nateremka nalo, na nikipita mjini nitamwachia Mama Upendo daftari hili ayapandishe haya kwenye intaneti, wa baraza nao wasome. Sijui kama Elia atanijibu kwa kinyume. Hata tusi nitalipokea.

Mkidhani haya nimeyatunga, Mama Upendo ameyasoma kwa macho yake. Na yuko Elia, Chekereni, ambaye hatua mbili zile anazijua kuliko mimi. Muulizeni yeye.