Vitufe Viwili vya Mama

Karakana ya lifti,
Chumba cha nyuma,
Jumanne mchana.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Hujambo huko kwenye baridi yako? Kile kikohozi kimekwisha, au bado unakitibu kwa kukipuuza? Sisi hatujambo kiasi. Magoti ya mama yanamsumbua, ila ulimi wake ni mzima kabisa.

Lifti ya jengo lake bado ni mbovu, naye hupanda ngazi hadi ghorofa ya sita akipumzika kila kona. Kazi ya kuitengenezea ubongo mpya imeniangukia mimi. Kila jioni ananipigia: "Mwanangu, lini? Au mnangoja nibebwe?"

Ubongo wenyewe ni chipu ambayo mantiki yake tunaipanga sisi kwa maandishi. Kuyakompaili, yaani kuyageuza yawe lugha ya chipu na kuyaingiza humo, hula siku nzima, kwa hiyo kwanza tunayajaribu kwenye emuleta: chipu ya kuigiza ndani ya kompyuta, lifti ya kuigiza, abiria wa kuigiza wanaobonyeza vitufe. Huko ikikosea, haumii mtu.

Wiki iliyopita, mara moja tu, mlango wa ghorofa ya sita ulifunguka kwenye skrini ilhali lifti iko chini. Nikarudia kwa mkono wangu, kitufe baada ya kitufe, haukufunguka tena. Mkuu wa karakana akasema, "Kompyuta imeota tu, dada. Kompaili, watu wanangoja."

Ndugu yangu, niliogopa. Nikifumba macho namwona mama anaingia mlangoni mle bila kutazama, maana unajua huingia huku bado anapiga soga na jirani.

Jana nilikwenda kumsindikiza dukani. Tulipofika kwenye lifti, akasahau kuwa ni mbovu, akabonyeza kitufe cha kupanda na cha kushuka kwa pamoja, kwa vidole gumba viwili. Ndivyo ulivyomfundisha wewe, eti inakuja haraka. Pale pale nikakumbuka kwamba mimi nilikuwa nabonyeza kimoja kimoja.

Leo asubuhi nimebonyeza hivyo hivyo kwenye emuleta. Mlango ukafunguka, shimo tupu. Nikarudia, ukafunguka tena. Mkuu alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti.

Nimeirekebisha mantiki. Sasa mlango haufunguki mpaka lifti iwe imesimama hapo, hata ubonyeze kwa viwiko. Lakini hofu haijanitoka. Sisi tulijaribu kwa adabu, na watu hawana adabu na lifti. Nimekataa kukompaili kwanza.

Wewe ndiye uliyekuwa mtundu wa jengo zima. Niandikie upesi kila ulichowahi kuifanyia lifti ile, hata yale uliyoapa hukuyafanya. Sitamwambia mama.

Wifi na watoto wape salamu zangu. Shangazi anakusalimu, na mama anasema uvae soksi.

Mungu awalinde, na kila mlango utakaowafungukia uwe na sakafu nyuma yake.

Akupendaye,
Dada yako mwoga