Kamera mbili na mikono ya mrina asali

Baba, shikamoo. Huku Kaliua jua ni kali na asali ni tele.

Leo hapa stesheni nimekutana na mzee mrina asali ambaye mikono yake inatetemeka kama yako siku hizi. Nikampa zile kamera mbili za wanaoanza, ambazo fundi wa Tabora ameniachia nikujaribie, ampige picha mkewe anayeuza asali. Akabana pumzi, kama anavyofanya mbele ya mzinga. Ile unayoitaka wewe ilishika fokasi papo hapo, ila picha ilitoka na ukungu, mama wa watu ana nyuso mbili. Ya pili, yenye lenzi ya kutuliza mtikisiko, ilihangaika kutafuta fokasi mpaka mama akachoka: “Piga basi, wateja wananisubiri!” Picha ikatoka safi, hata miguu ya nyuki aliyetua kwenye ndoo inahesabika.

Mzee aliitazama sana. “Kweli nimepiga mimi?”

Mwambie Mama asali yake ninayo. Wewe nimekuchukulia kamera ya pili. Itakuchelewesha kidogo, Baba, lakini haitamwambia mtu habari za mikono yako.

Mwanao,
Zuhura