Klachi ya Shaba Niliyoichagua kwa Uongo

Jumatano jioni, mwezi wa nne. Mvua imenyesha tangu asubuhi na mlima sijauona kabisa leo, wingu limeukalia mpaka chini. Naandika huku nimejifungia chumbani, maana nikikaa sebuleni mke wangu Esta ataniona usoni, ataniuliza nina nini.

Mama yangu yuko chumba cha binti yetu Glory, ambaye yuko shule ya bweni. Kiwiko chake kimefungwa bandeji. Esta yuko jikoni. Tangu saa nane mchana mke wangu amesema jambo moja tu, analirudia: "Sijui kuendesha. Nilijua tu sijui."

Anajua sana. Kosa ni langu.

Nianzie Jumamosi. Wanaonisoma hapa wanalijua gari langu, lile la bluu lenye tabo kubwa, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa. Siku za kazi linanipeleka dukani Kaloleni, ninakochanganya rangi za magari. Wikiendi nalipeleka kwenye uwanja wa mbio, njia ya Kisongo. Tangu nilipoliongezea nguvu, klachi iliyotoka nalo kiwandani ilianza kushindwa. Nakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, gari haliongezi mwendo, na harufu ya kuungua inajaa ndani. Mara ya mwisho ilinifanyia hivyo mbele ya watu, kwenye sehemu iliyonyooka kabisa. Mtu mmoja akapaza sauti, "Shuka usukume!" Uwanja mzima ukacheka. Niliumia, jamani. Mtu mzima na ndevu zangu, niliumia kama mtoto.

Ndiyo nikaenda Sombetini kwa fundi Lembris. Akatandika gunia mezani, akaweka klachi mbili. Moja ina vipande vya shaba. "Hii haina subira," akasema. "Inakamata au haikamati, katikati hakuna. Uwanjani utaipenda. Kwenye foleni na mlimani itakutukana." Ya pili ni ya kawaida ila imeimarishwa, inashika taratibu, mtu yeyote anaizoea kwa siku moja. Tatizo lake, haiwezi nguvu zote nilizonazo. Nikiichagua hiyo, lazima tupunguze presha ya tabo, la sivyo nayo itaungua.

Sasa, Lembris ana utaratibu wake ambao mjini wanamcheka nao. Hafungi klachi mpaka aone miguu yote itakayoikanyaga. Mkeo anaendesha? Mlete. Mdogo wako huwa anaazima? Mlete naye. Anamkalisha kwenye gari lenye klachi kama ile, anamwambia apande kile kilima cha mawe nyuma ya gereji, asimame katikati, kisha aondoke tena. Gari likimzimikia mara tatu, Lembris anarudisha boksi kwenye shelfu, na hela yako hataki.

"Kaka, hili linakanyagwa na nani?"

"Mimi tu."

"Shemeji haligusi?"

"Haligusi."

Nilisema hivyo bila hata kupepesa macho. Esta amepata leseni mwezi wa pili, na kila wiki anapanda nalo Seela kumwangalia Mama. Lakini nilijua Esta akija pale, ile ya shaba nitaikosa. Na mimi niliitaka. Niliitaka kuliko nilivyotaka kitu chochote mwaka huu, basi. Lembris akaifunga jioni ile ile.

Nikajiambia Jumapili nitampa Esta mazoezi. Jumapili baada ya ibada kukawa na mnada wa mavuno, nikang'ang'ania mkungu mmoja wa ndizi na mzee wa kanisa, tukapandishiana bei kwa utani mpaka saa nane. Nikarudi nyumbani na mkungu wangu, nimechoka, nikalala. Jumatatu na jana nikawa dukani. Esta nilimwambia tu, "Pedeli imekuwa nzito kidogo, utaizoea."

Leo Mama alikuwa na miadi ya macho. Esta akaenda kumchukua. Nyumba ya Mama iko bondeni, na kutoka pale mpaka barabara kuu ni kupanda tu, na leo ni tope tupu. Gari likamzimikia mara ya kwanza. Likamzimikia tena. Kwetu kila mtu anajua la kufanya gari likigoma mlimani: abiria anashuka na kutafuta jiwe la kuweka nyuma ya tairi. Mama amefanya hivyo tangu enzi za pikapu ya marehemu baba. Hakusubiri kuambiwa. Alifungua mlango, akaokota jiwe, akazunguka nyuma, akainama.

Esta akaachia klachi polepole, kama alivyofundishwa. Haikukamata. Haikukamata. Halafu ikakamata yote kwa pamoja. Gari likaruka mbele, likazima, likaanza kurudi nyuma likiteleza kwenye tope, na Mama ameinama pale pale.

Alijitupa kwenye mfereji wa migomba. Miaka sitini na nane, akajitupa. Gari likapita alipokuwa na kwenda kugota kwenye mti.

Simu niliyopigiwa dukani ilikuwa na maneno manne. "Baba Glory, nimemgonga Mama." Kisha ikakatika. Nilidandia bodaboda, na njia nzima sikuweza hata kuomba Mungu. Nilikuwa nahesabu nguzo za umeme.

Nikamkuta Mama amekaa kwenye kigoda, gauni limejaa tope, majirani wamemzunguka, anawatania kwamba mbinguni wamemrudisha kwa sababu hajavuna kahawa. Gari halikumgusa. Esta alikuwa amechuchumaa pembeni, hataki kuinua uso.

Nikamshika bega, nikamwambia, "Pole, ni bahati mbaya."

Bahati mbaya! Mnafiki mkubwa mimi.

Na kinachonitisha ni kwamba nikinyamaza, yatapita. Esta ataacha kuendesha. Lembris hatajua. Mwezi wa tano nitakwenda Kisongo na hakuna atakayenicheka. Inawezekana kabisa, na nimekaa hapa saa nzima nikiipigia hesabu.

Esta ananiita, tunasali kabla ya chakula.

Nimerudi. Chakula kimepoa, hakuna aliyekula.

Mama ndiye aliyesali. Akashukuru kwa mifupa yake, akashukuru kwa mfereji. Kisha akamshika Esta mkono. "Bwana, huyu binti yangu amejitahidi. Mguu wake bado mzito, mfundishe taratibu. Usimwache akate tamaa." Esta akaitika amina huku analia.

Macho nimeyafumba bado, nikasema, "Mama, mguu wake hauna kosa."

Nikasema yote. Klachi mbili juu ya gunia, swali la Lembris, na jibu langu.

Esta akafuta machozi kwa kanga. Hakupandisha sauti. "Ulimwambia fundi siligusi?"

"Ndiyo."

"Na ulijua leo nampakia Mama?"

"Nilijua."

Nilitamani anitukane. Mama akavuta pumzi, akasema, "Basi sala haijaisha, mwanangu. Imalizie wewe." Nikawashika mikono, nikaanza, "Bwana..." Kabla sijafika mbali, Esta akauchomoa wa kwake.

Kesho asubuhi nakwenda Sombetini kumwambia Lembris ukweli. Shaba itoke, ile nyingine ifungwe, tabo ipunguzwe, na Kisongo wacheke mpaka wachoke. Saa nne Mama ana miadi mipya ya macho, lazima apelekwe. Nilimwambia Esta nitawapeleka mimi kwa gari la jirani. Amesema Mama atakwenda naye kwa bajaji, kwa sababu hawezi kumpakia mama wa mtu kwenye gari ninaloendesha mimi.