Shemeji Yako na Pembe za Ndama

Shoga uko wapi? Shemeji yako kazirai bandani! Ni mzima, usishtuke. Mimi hapa nacheka mpaka mbavu zinauma.

Daktari wa mifugo alikuja asubuhi kumchoma pembe yule ndama wetu jike zisije zikaota, maana bado ni vichipukizi tu, havijashika fuvu. Bwana mkubwa akajipiga kifua: "Kichwa nitakishika mimi. Wewe kaa mbali, usije ukaogopa."

Niogope mimi!

Ndama akadungwa sindano ya ganzi, akatulia tuli. Daktari akagusisha chuma cha moto kwenye pembe ya kwanza. Nywele zikaungua, moshi ukafuka, nami nikaona uso wa shemeji yako unapauka.

"Baba, uko sawa?"

"Niko sawa," akasema, halafu huyo chini, puu! Paji la uso likagonga hori.

Ikabidi kichwa cha ndama nikishike mimi, pembe ya pili ikamalizwa. Daktari akapulizia dawa ya kuzuia nzi, akaniagiza: "Kidonda kisilowe, na ukiangalie kila siku. Ukiona usaha, nipigie." Kisha akamtazama shemeji yako, aliyekuwa amekaa kwenye majani akishika nundu yake. "Na huyu naye vilevile."

Shoga, nusura nimwachie ndama kwa kicheko!

Sasa hivi yuko bandani, anamfukuzia ndama nzi kwa kofia yake. Anadhani simsikii anavyomwambia: "Afadhali wewe mama, hakuna anayekucheka."