Baba Bila Ng'ombe

Kambi ya Magari ya Mlangoni mwa Mto,
Karibu na Tillamook, Oregon.
21 Agosti

Mpendwa Shangazi Borgny,

Nakusalimu kutoka ukingoni mwa bahari. Mbele ya dirisha langu ni maji matupu, na ng'ambo yake, mbali huko kusini, ndiko mliko wewe na mumeo Alec. Nyonga inaendeleaje tangu upasuaji? Nasikia umeshautupa mkongojo, na kwamba Alec anakufuata nyuma na kiti kama mzee wa kanisa anayefuata sadaka. Mwache akufuate, Shangazi, si wengi wanaofuatwa. Huko kwenu, nusu ya chini ya dunia, sasa ni baridi; natumaini kuni zipo na kifua hakikusumbui. Sisi hatujambo. Mimi nimeungua pua kwa jua, Baba masikio.

Usishtuke kuona anwani hii. Mimi na Baba tumeivuka nchi nzima kwa gari-nyumba, kutoka Wisconsin mpaka hapa ardhi inapoishia. Ndiyo, Baba huyuhuyu kaka yako Arvid, ambaye hata harusi ya mwanawe Rolf aliondoka kabla ya keki ili awahi kukamua.

Nilikuandikia Aprili kwamba ameuza ng'ombe. Sikukueleza mengi kwa sababu sikuwa na moyo wa kueleza. Lori lilipoondoka na ng'ombe wa mwisho, Baba alifagia zizi, akalimwagia maji, akafunga mlango, akaingia ndani kunywa kahawa. Nikadhani tumevuka salama. Alfajiri iliyofuata akaamka kama kawaida yake, akavaa mabuti, akaenda kukaa zizini peke yake, redio ikiimba vilevile alivyokuwa akiwawashia ng'ombe. Akafanya hivyo kila siku. Chakula akawa anakidonoa. Maneno yakampungukia hadi yakabaki "ndiyo", "hapana" na "hm". Daktari alimpima kila kitu akasema moyo wake ni wa kijana. Nilitamani kumwambia aupime tena.

Na shamba nalo lilishapata mnunuzi, kwa hiyo nyumba ilibidi iachwe kabla ya theluji. Rolf akamwita akaishi naye Arizona. Baba akasema huko watu hukaushwa kama samaki. Nikamwomba aje kwangu. Akasema ngazi zangu zimejengwa kwa ajili ya mbuzi. Tukampeleka kuona nyumba ya wazee, safi, ina bustani na kinanda. Alikaa garini asishuke. Kila tulipouliza, "Basi, Baba, utaishi wapi?", alitazama nje kana kwamba kuna mtu anapita.

Shule zilipofungwa, basi langu likapumzika na mimi nikapata nafasi. Mjane mmoja wa La Crosse alikuwa anauza gari-nyumba kuukuu lenye harufu ya sabuni na mbwa. Kwa mtu anayebeba watoto hamsini wanaopiga kelele, ukubwa wake haukunitisha. Nikaliegesha mbele ya nyumba ya Baba, nikamwambia injini ni ya zamani, nahitaji mtu wa kuiangalia mafuta njiani. Hakuuliza tunakwenda wapi. Alikuja na begi moja, mkate, na chupa mbili za samaki wa siki.

Siku za mwanzo, Shangazi, sitakudanganya, nilijuta. Minnesota nzima alikuwa akikagua mashamba ya watu. Huyu nyasi zake amekata zikiwa mbichi. Yule zizi lake amelielekeza kwenye upepo. Akiona ng'ombe wamelala alitaka nipunguze mwendo. Lakini angalau alikuwa anasema. Tulipoingia North Dakota akanyamaza tena, na hapo nikaogopa.

Tulisimama kujaza mafuta, na niliporudi nikamkuta amefunga mkanda, begi lake mapajani.

"Geuza gari," akasema.

"Tugeuze twende wapi?"

"Nyumbani."

"Kuna nini nyumbani, Baba?"

"Kuna nyumbani."

Unamjua. Lakini na mimi ni damu hiyohiyo, na nilikuwa nimechoka. Nikamwambia, "Tangu Aprili nakubembeleza kama ndama aliyekataa ndoo. Leo basi. Funguo hizi hapa. Unataka kurudi, rudi, ila uendeshe mwenyewe." Nikamtupia funguo mapajani, nikazunguka, nikagonga dirisha lake mpaka akahamia kwenye usukani. Mwanamume aliyekuwa akijaza mafuta pembeni yetu akajifanya anasoma tairi lake.

Akawasha gari kweli. Akashika njia ya mashariki. Nilitazama dirishani ili asione uso wangu, nikawaza kwamba nimemrudisha zizini kwa mikono yangu mwenyewe, na kwamba majira ya baridi yatamkuta hukohuko na yatamchukua.

Hatukufika mbali. Akachepuka kwenye njia ya kwanza, akasimama kando ya shamba la alizeti, akazima injini. Mikono yake ikabaki kwenye usukani.

"Marit."

"Naam, Baba."

"Nikifika, asubuhi nitafanya nini?"

Katika maisha yangu yote Baba hakuwahi kuniuliza swali ambalo yeye mwenyewe hakuwa na jibu lake.

"Sijui, Baba."

"Na mimi sijui," akasema.

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaifuta tena. Mabega yake yakatikisika kidogo. Sikumgusa, unajua hapendi kuguswa akiwa hivyo. Nilitazama alizeti, naye akatazama alizeti. Mwishowe akasema, "Huyu naye alichelewa kupanda," akawasha gari, na tulipofika barabara kuu akaelekea magharibi.

Aliendesha jioni nzima. Nyuma yetu msururu wa magari ulikuwa mrefu kama wa maziko ya gavana, na kila aliyepata nafasi ya kutupita alipiga honi kwa hasira. Baba alimpungia mkono kila mmoja. "Watu wa huku wana adabu," akaniambia. Sikumsahihisha.

Tangu hapo tukaendesha kwa zamu. Yeye alipika mayai, mimi nilipika vingine vyote. Aligundua kwamba akiwa kitandani anaweza kunyoosha mkono akafungua friji, na jambo hilo lilimfurahisha kupita milima yote ya Montana.

Huko Montana tulifikia kwenye kambi yenye chemchemi ya maji moto. Nilidhani ataketi kitini na gazeti. Lakini jirani yetu wa kambi, bibi mmoja wa Saskatchewan, kaskazini ng'ambo ya mpaka, aitwaye Odile Tetreault, mfupi, sauti kama ya dalali wa mnada, alimkuta amevaa mabuti kando ya maji akamwambia, "Wewe mzee, umekuja kuyalinda haya maji yasiibwe?"

Baba akajibu kwamba hajui kuogelea.

"Nani kakwambia uogelee? Hapa watu tunachemka tu, kama viazi."

Shangazi, aliingia. Duka la kambi lilikuwa na kaptula ya kuogelea moja tu ya ukubwa wake, yenye picha za ndege wekundu, akaivaa. Uso na shingo ni kahawia, mikono kahawia mpaka kwenye kiwiko, na kwingine kote mweupe kama jibini. Watoto walimkodolea macho. Bibi Odile akamshika kisogo kwa kiganja kimoja, akamwambia alaze kichwa. "Legeza shingo! Unashikilia kichwa kama mtu anaogopa kitakwenda bila yeye." Baba akalegeza. Miguu ikainuka yenyewe. Akaelea, macho yameangalia juu, mdomo wazi kidogo, na sikuwahi kumwona uso ule. Nilitoka nje ya uzio nikalia vizuri, kisha nikajinunulia aiskrimu.

Asubuhi yake niliamka jua limeshaingia ndani, na kitanda cha Baba kimya. Hakukuwa na harufu ya kahawa. Nikamwendea, nikainama karibu kabisa na pua yake nisikilize.

"Unanihemea usoni," akasema bila kufumbua macho.

"Nilidhani umekufa!"

"Nimelala. Hakuna mtu anayeruhusiwa kulala?"

Akageukia ukutani, akaendelea.

Milima ya Idaho nitaipita haraka kwa sababu niliipita nimefumba jicho moja. Mteremko ulikuwa mrefu, mvua inanyesha, na malori mawili yanatusukuma kwa taa. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani. Baba, ambaye amepigwa teke na fahali akaenda kumalizia kazi, alishika kiti kwa mikono miwili akaanza kuimba tenzi za Kinorwe ambazo mlifundishwa na bibi, mama yenu. Tulipofika chini akanyamaza katikati ya ubeti. Nikamwambia amalizie. Akasema, "Haina haja. Tumeshafika."

Juzi ndipo tukaiona bahari. Hapa malisho yanakuja mpaka karibu na maji, na kuna ng'ombe wanaokula nyasi huku wakinusa chumvi. Nilidhani atawaangalia wao. Aliwatupia macho mara moja, akavua mabuti, akakunja suruali, akaingia mpaka magotini. Akasimama pale hadi nikamfuata na koti. Nilimuuliza inaonekanaje. Akasema, "Haina uzio."

Jana asubuhi tulikuwa tunakunywa kahawa mezani, meza yenyewe unaikunja ikawa kitanda, Baba akasema, "Nimepata nyumba."

"Wapi tena?"

"Nimeikalia."

Sikumwelewa. Akagonga ukuta wa gari kwa kidole. "Ngazi ni mbili tu. Friji iko karibu. Weka hili uani kwako, nyuma, pale penye mti wa tufaha. Utaniona ukitaka, na usipotaka utafunga pazia."

"Baba, Wisconsin hiyo. Desemba mabomba yataganda na wewe utaganda nayo."

"Desemba nitakuwa uani kwa Rolf."

"Si ulisema huko wanakausha watu?"

"Mimi nitakaa nusu mwaka tu. Nitakauka nusu." Akamimina kahawa nyingine. "Na Rolf akinichosha, nawasha gari."

Nilimpigia Rolf simu palepale. Nilipomaliza kumweleza nikadhani mtandao umekatika. Kumbe alikuwa anacheka akiwa ameziba mdomo. Leo ameshakwenda kupima ua wake. Shangazi, sijui kama ni busara kumwacha mzee wa umri wake aishi ndani ya gari. Majirani zangu watasema. Wacha waseme. Kwa miezi mingi nilimuuliza Baba atakaa wapi, na hili ndilo jibu la kwanza alilonipa, tena alinipa akitabasamu, yai likiwa limemgandia kidevuni. Nimekubali.

Kesho tutaanza kurudi, polepole, kwa njia ya kusini. Bibi Odile ametualika kupita kwake huko kaskazini, na hilo ni nje kabisa ya njia yetu, lakini Baba anasema ramani inaruhusu. Sijamuuliza zaidi.

Msalimie sana Alec, umwambie kile kiti sasa akipumzishe. Wasalimie wanao Morag na Euan na yule mtoto mpya ambaye bado sijaiona picha yake. Rolf na mkewe wanakusalimu. Mungu aunge mfupa wako vizuri, akupe hatua zisizo na maumivu, na akuwekee mlango wazi kila unakokwenda.

Akupendaye siku zote, binti wa kaka yako,

Marit

Shangazi, ngoja kwanza. Baba ananiomba kalamu, jambo ambalo sijawahi kuliona. Namwachia nafasi iliyobaki.

Borgny,

Marit anaandika mrefu. Mengi ni kweli. Kaptula haikuwa na ndege wengi kama anavyofikiri. Anaendesha vizuri ila kona anazikata kama anafukuzwa.

Bahari ni baridi. Nimekula kaa. Kazi nyingi, nyama kidogo.

Ulipoondoka kwenda huko nilikuambia nitakuja mavuno yakiisha. Kila mwaka ulinikumbusha, na kila mwaka nilikujibu ng'ombe. Hukunikasirikia hata mara moja. Ningekuwa mimi ningekasirika.

Muulize Alec kama kile chumba cha wageni bado kipo. Marit anasema ndege huchukua siku nzima na mtu huruhusiwa kulala humo. Naweza.

Nasikia huko kwenu ng'ombe ni wengi kuliko watu. Sitawakamua. Nitakaa na wewe uzioni, tuwatazame.

Kaka yako,
Arvid