Kivuko cha Machogu Mtoni Gucha

Ng'ambo ya Mto Gucha,
S.L.P. Kenyenya,
Kisii.

Jumapili, 19 Mei 2024

Mpendwa shemeji Onsongo,

Bwakire, shemeji. Nakusalimu kwa jina la Bwana ambaye bado anatupa pumzi mimi na wewe. U hali gani huko? Baridi imepungua? Na kile kifua kilichokusumbua wakati wa theluji, kimepona au unakinyamazia tu kama kawaida yenu wanaume wa nyumba hii?

Sisi tupo. Siwezi kukuandikia kwamba tu wazima, lakini tunaamka, tunachuma chai, tunalala. Mama miguu imemvimba, ila anafika mpaka kwa ng'ombe. Purity amerudi shuleni. Mose anakataa kuvaa viatu alivyovaa siku tulipomzika baba yake, anakwenda pekupeku hata kwenye tope, nami nimemwacha.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu zangu hushiki. Binamu yetu Cleophas wa Sironga anasafiri kuja huko, na ameahidi kukukabidhi barua hii ana kwa ana. Ametuambia umejifungia ndani, kanisani huendi, na Wakisii wenzako wakibisha mlango unazima taa. Eti unasema wewe ndiye uliyemuua ndugu yako. Shemeji, habari hii uliisikia vipande vipande kutoka kwa watu ambao hawakuwepo. Mimi nilikuwa pale ukingoni. Acha nikueleze.

Lile daraja la miguu chini ya shamba letu, ulilokuwa ukivuka kwenda shule, lilichukuliwa na mafuriko ya mwaka jana. Walikuja watu wenye kofia ngumu, wakapima, wakapiga picha, wakapanda gari lao wakaenda. Hatujawaona tena. Tangu hapo kufika Kenyenya kwa pikipiki ni kuzunguka milima nusu siku. Wanawake walikuwa wakivuka na magunia ya chai kichwani, maji yamewafika kifuani.

Mwezi wa Novemba, Marion, binti wa jirani yetu Mzee Obwocha, alishikwa na uchungu. Ndugu yako Machogu na wanaume wengine walimbeba juu ya kitanda mpaka mtoni, wakakuta maji yamefurika, hayavukiki. Wakaamua kuzunguka. Hawakuwa wamefika mbali Marion alipokata roho, na mtoto akiwa bado tumboni. Machogu alirudi nyumbani ana tope mpaka shingoni. Nilimwekea chakula, akakitazama tu.

Ndipo ulipotuma zile picha kwenye simu, kutoka kwenye jumba la makumbusho unakofanya kazi. Ulitaka kutuchangamsha, najua. Mji wenu ulivyokuwa zaidi ya miaka mia iliyopita: magari ya umeme yakipita juu ya reli katikati ya barabara, yamejaa wanaume wenye kofia, meli ya moshi yenye gurudumu kubwa mgongoni, farasi wamesimama na mikokoteni kwenye tope kama letu. Watoto waliwacheka farasi. Machogu alishikwa na picha moja tu, ile ya kivuko: jukwaa la mbao juu ya mto, watu na ng'ombe wamesimama juu yake, na waya mnene umevutwa kutoka ukingo huu hadi ule.

“Ona hawa,” aliniambia. “Mto wao ni mkubwa kushinda wetu, na hawakukaa ng'ambo wakilia.”

Siku iliyofuata alikupigia. Ulimweleza ulivyofundishwa na wazee wa pale kazini, kwamba mkondo wenyewe ndio unaosukuma kile chombo, na waya unakizuia kisiende na maji. Ulimweleza pia kwamba daraja la chuma lilipojengwa, watu waliachana na vivuko vile bila kutazama nyuma. Halafu ukamwambia neno jingine. Simu ilikuwa kwenye spika, nami nilikuwa nikimenya ndizi, nikasikia vizuri: “Machogu, hayo ni mambo ya zamani. Hata hapa watu walizama. Usijaribu wakati wa masika.” Naye akacheka, akasema masika bado.

Nataka ulishike hilo, shemeji. Ulimwonya.

Ndugu yako alikuwa fundi wa kuchomelea, na ulijua mikono yake. Alikusanya mapipa matupu, akayafunga kwa vyuma, akapigilia mbao juu. Mzee Obwocha alimpa mti wake wa blugamu, mnene kuliko yote ukingoni, ili waya ufungwe hapo. Alisema kivuko kingekuwepo mapema angekuwa na mjukuu. Siku walipokivusha mara ya kwanza, wanawake walipiga vigelegele na mchungaji akaomba. Watu wakakiita Meli.

Nisiseme uongo, kilitusaidia. Chai ilifika kituoni bado mbichi. Watoto walikwenda shule wakavu. Wagonjwa walivuka. Machogu alikuwa akikiendesha mwenyewe kila siku, na sijawahi kumwona mwanaume mwenye furaha kiasi kile. Masika yalipoanza nilimkumbusha maneno yako. Akasema, “Bathsheba, nikikifunga leo, kesho nani atakuwa Marion?” Akaweka sharti kwamba maji yakifika kwenye jiwe kubwa jeusi havushi mtu.

Ilikuwa Ijumaa alasiri. Huku kwetu jua lilikuwa kali, mto umetulia, jiwe liko juu ya maji kabisa. Watu walitaka kuwahi nyumbani kabla Sabato haijaingia. Walipanda Celestine, mke wa Onyiego, na mtoto wake mgongoni, wakitoka kliniki. Na Mzee Obwocha, aliyekuwa ametoka sokoni kununua sukari. Mimi nilikuwa upande wetu nikiosha mitungi ya maziwa. Tulichokuwa hatujui ni kwamba juu, Nyamira, mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi.

Walikuwa katikati niliposikia sauti kama lori linashuka mlima. Mto uligeuka rangi mbele ya macho yangu. Maji mekundu yalikuja kwa kishindo, na ndani yake gogo, mti mzima pamoja na mizizi. Liligonga Meli ubavuni likanasa pale pale. Waya ukakazika, ukaanza kulia. Upande mmoja wa mbao ukaanza kuzama.

Nilimsikia akipiga kelele, “Celestine, lala chini! Shika mbao, usiachie!” Kisha nikamwona anatambaa kuelekea kwenye ile ndoano iliyoshika waya. Nilielewa mara moja anachotaka kufanya. Waya ukiendelea kushika, wote wanakwenda chini; ukiachia, mto unaweza kuwatupa kwenye kona, penye matete. Nilimwita. Nadhani alisikia, kwa sababu aligeuza uso. Halafu akaipiga ile ndoano kwa nyundo.

Waya uliruka kama nyoka. Ulimpiga kifuani ukamtupa majini, na sikuona hata mkono ukitokea. Mzee Obwocha aliteleza wakati huo huo. Meli ilizunguka, ikasukumwa mpaka kwenye matete, na vijana wa ng'ambo wakamvuta Celestine, hoi, na mtoto analia mgongoni. Mtoto yule yu hai. Juzi ameanza kutambaa.

Machogu tulimpata Jumapili, mbali chini. Mzee Obwocha hatujampata hadi leo. Wanawe walikuja na mapanga, wakafungua waya, wakaangusha ule mti wa baba yao, wakachoma mbao zilizobaki. Hawakututukana. Walifanya kazi yao kimya, wakaondoka. Kwenye mazishi ya Machogu walisimama mbali, nje ya ua, lakini walikuja.

Kwenye mazishi hayo ndipo Mama alipotamka lile neno ulilolisikia. Ni kweli alilisema, sitakuficha. Alisimama kando ya kaburi, akasema, “Picha za Onsongo zimeniulia mtoto. Asinipigie tena.” Watu waliinamisha vichwa. Nami nilinyamaza, kwa sababu wakati ule sikuwa na nguvu ya kumtetea mtu yeyote, hata Mungu. Tangu siku hiyo jina lako halikutajwa katika nyumba hii. Picha yako ya mahafali Mama aliigeuza ikatazama ukuta.

Wiki iliyopita tulikuwa tunapukuchua mahindi, yeye na mimi, na nikaona haiwezekani aende kaburini akiwa na uongo. Nikamwambia yote uliyosema kwenye simu. Nikamwambia mwanawe alionywa na ndugu yake, akaonywa na mkewe, na bado alichagua, kwa sababu alikuwa amembeba Marion mikononi. Nikasema, “Mama, Machogu hakuuawa na picha. Alikufa akiachia ndoano ili mtoto wa Celestine aishi. Usimnyang'anye kifo chake ukampa mtu mwingine.”

Aliendelea kupukuchua. Nilidhani amekasirika. Mahindi yalipokwisha aliinuka, akakung'uta nguo, akafika mlangoni, akaniuliza akiwa amenipa mgongo, “Huko aliko Onsongo, nani anampikia?”

Sasa nisikilize, shemeji. Mama hatakupigia wewe, unamjua. Jumapili hii ijayo, sisi tukitoka kula mchana, piga simu yangu. Usitume ujumbe, piga. Nitaiweka mkononi mwake nitoke nje. Huenda asiseme kitu. Huenda akalia, au ukasikia pumzi tu na kuku. Usikate. Kaa naye kwenye laini mpaka yeye mwenyewe aitue.

Daraja bado halipo. Leo asubuhi nimewaona tena wanawake majini na magunia kichwani, wameshikana mikono. Sijui nikuandikie nini zaidi juu ya hilo.

Celestine anakusalimu, na Onyiego pia. Purity anasema umweleze kama kweli mto wenu huganda watu wakatembea juu yake. Mose amekaa hapa kando yangu muda wote nikiandika. Nisalimie wote huko wanaokubishia mlango, na uwafungulie.

Mungu aliyetuachia sisi maji machungu akunyweshe wewe matamu, akulinde barabarani na kazini, akurudishe ulione kaburi la ndugu yako ukiwa na miguu yako miwili.

Ni mimi nikupendaye, mke wa ndugu yako hata sasa,

Bathsheba