Taulo Begani mwa Baba

Nyumba ya nyuma ya karakana,
S.L.P. 47,
9 Agosti

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Mama anasema siku utakayopanda ngazi bila kushika ukuta tutafanya sherehe. Huku tu wazima, isipokuwa uso wa Dada, na nakuandikia kabla watu hawajakutia hofu.

Lile taulo jeupe ulilotuletea, Baba alilifanya la ulingoni. Dada akipigana ndondi, Baba husimama kwenye kona yake akiwa nalo begani, tayari kulirusha ili mwamuzi asimamishe pambano. Amelirusha mara mbili, na mara zote Dada alikuwa bado amesimama. Anaogopa, Shangazi. Unajua alivyobebwa kutoka ulingoni ujanani mwake, sikio la kushoto likafa.

Safari hii alimwambia Dada tukiwa mezani, "Ukishindwa tena, glavu zinaondoka humu ndani. Utachomelea vyuma kama mimi."

"Sawa, Baba," Dada akajibu, akaendelea kula.

Mpinzani wake huitwa Mashine. Raundi ya kwanza tu, ngumi moja ilimpasua Dada nyusi, nyingine ikamjaza damu mdomoni. Mimi nilikuwa wa ndoo ya maji, kwa hiyo niliona yote kwa karibu. Kinga yake ya meno iliruka ikaanguka kando ya kiatu changu, nyekundu.

"Fundi, mchomelee binti yako taya, limelegea!" mtu akapiga kelele nyuma yetu. Watu wakacheka.

Ndipo nikaona jambo. Kila alipopigwa, Dada hakumtazama Mashine. Alitazama bega la Baba kuona kama taulo bado lipo, na kila alipogeuza macho, ngumi nyingine ilimkuta hapo hapo. Alikuwa akipigana huku akisubiri kuambiwa ameshindwa.

Raundi ya pili aliangushwa. Aliinuka huku mwamuzi bado anahesabu. Mkono wa Baba ukapanda begani, lakini kengele ikamwahi.

Dada akaketi kwenye kigoda chake. Sikumwambia nilichoona, nadhani alikwishakijua. Alilivuta taulo kutoka begani mwa Baba, akajifuta damu machoni, akanitupia.

"Kalia hilo," akasema.

"Lete hapa," Baba akasema.

"Mdogo wangu, kalia. Na wewe Baba, leo nitazame mimi."

Nikalikalia. Sketi yangu ya shule ililowa damu na maji.

Raundi ya mwisho Dada hakugeuka hata mara moja. Alipokea ngumi mbili za mbavu, nikasikia pumzi zikimtoka, naye akarudisha moja ya kidevu iliyompinda Mashine shingo. Akaongeza ya tumbo. Mashine akashika kamba, Dada akamfuata huko huko, kushoto, kulia, mpaka damu yao wote wawili ikaturukia sisi tuliokuwa chini. Baba alipapasa bega lake, tupu. Akanigeukia kwa macho ambayo sitayasahau. Sikuinuka. Basi akaugeukia ulingo, akapaza sauti mpaka ikakwaruza, "Kidevu, mwanangu. Kidevu."

Mashine alipiga magoti, na hesabu ikaisha akiwa hapo.

Mwalimu wetu husema ukijiamini utashinda. Sidhani ni rahisi hivyo, maana Mashine naye alijiamini, na alilia sana kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Lakini ngumi za Dada zilikuwa zile zile tangu mwanzo. Kilichobadilika ni mahali alipoweka macho.

Sasa ana ubavu uliopasuka na anakunywa supu kwa mrija. Glavu zinaning'inia pale pale. Taulo limekataa kutakata, Mama analipangusia jiko. Mkono wa Baba bado hupanda begani wenyewe, halafu huushusha.

Mwezi ujao nina mtihani wa hesabu. Jana Baba alianza kusema kwamba nikishindwa nisihuzunike, karakana ipo. Akakatiza katikati, akanitazama, akasema, "Nenda kasome."

Msalimie Bibi, ila habari za damu umfiche. Wabusu mapacha. Mungu akujalie goti jipya na usingizi mtulivu.

Wako akupendaye,
Kitindamimba, aliyekalia taulo